Marehemu wa Lori la Nyanya

Shule ya Wasichana ya Bepoase
9 Januari

Kwa Wofa Domfeh, Accra

Mheshimiwa,

Jina langu ni Dufie Amankwaa. Nina miaka kumi na sita na niko kidato cha pili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu shuleni kwetu simu hairuhusiwi, na ukikutwa nayo inavunjwa kwa nyundo mbele ya wanafunzi wote. Anwani yako nimeipata kwa rafiki yangu Pokuaa. Kaka yake hutazama kila video yako, naye anasema wewe huwafikia watu bila kutoa habari na kuwapa kile wanachokihitaji.

Naomba friza kwa ajili ya mama yangu. Anaitwa Akyaa na anauza samaki katika soko la Tafo, Kumasi. Asubuhi huwachukua ghalani kwa kreti, wakiwa wagumu kwa barafu. Wale wasiouzwa hadi jioni inambidi awabanike siku hiyo hiyo, kwa maana kesho yake watakuwa wameoza, na samaki aliyebanikwa kwa haraka hana bei. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi tangu nilipokuwa darasa la nne.

Sitaki kukudanganya kwamba tunalala njaa. Hatulali njaa. Baba yangu, Kwabena Amankwaa, ni mzima na anafanya kazi. Anaendesha lori la nyanya kutoka Burkina Faso hadi Kumasi, na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Lori si lake. Anachokipata kinatusomesha mimi na wadogo zangu wawili, na baada ya hapo hakibaki cha kununulia friza. Hajui kwamba nimekuandikia, kwa sababu hapendi kuomba.

Mwalimu wetu, Madam Oforiwaa, alitufundisha kwamba barua nzuri ya maombi husema ukweli, kisha hunyamaza. Kwa hiyo nanyamaza hapa.

Wako mtiifu,
Dufie Amankwaa


Accra
4 Februari

Mpwa wangu Dufie,

Nchi nzima inaniita Wofa, yaani mjomba, kwa hiyo acha hiyo "Mheshimiwa", inanizeesha. Mwezi huu tumepokea barua zaidi ya mia tisa, na yako ndiyo pekee iliyosema hamlali njaa. Tuliisoma kwa sauti hapa ofisini, tukacheka kwa mapenzi.

Jumamosi tulikuwa Tafo. Mama yako alikwisha kufunga meza, amevaa kitambaa cheusi, anaelekea kwenye mazishi ya jirani. Tukamrudisha. Alipoona friza inashushwa kwenye gari alikaa juu ya kreti, akafunika uso kwa mikono. Mpwa wangu, nimefanya kazi hii miaka sita. Shukrani ya namna ile huwezi kumfundisha mtu.

Itaonekana Jumapili saa moja jioni. Waambie wenzako watazame, na wazazi wao pia.

Soma sana.
Wofa Domfeh


Shule ya Wasichana ya Bepoase
12 Februari

Mpendwa Wofa Domfeh,

Siwezi kuitazama video yako kwa sababu ya ile sheria ya simu, lakini mama amenitumia habari kupitia kwa mzazi mmoja aliyekuja kumwona binti yake. Friza inafanya kazi. Siku mbili mfululizo hajabanika samaki hata mmoja. Nilipoambiwa hivyo nilikwenda kukaa nyuma ya jiko la shule ili nifurahi peke yangu.

Kuna jambo moja dogo. Wewe ni mtu wa kwetu na unajua kwamba zawadi haishukuriwi siku ile tu. Asubuhi yake unarudi. Mama na jirani yake, Birago fundi cherehani, walikwenda kwenye ofisi yako ya Kumasi Jumapili asubuhi na mapema, wamebeba viazi vikuu na trei ya mayai. Mlinzi akawaambia, "Akina mama, foleni ya kuomba ni Jumatano." Mama akamwambia hawakuja kuomba, wamekuja kushukuru. Mlinzi akasema hiyo foleni hawana. Basi wakamwachia mayai yeye mwenyewe.

Natumaini yalikufikia.

Nashukuru tena,
Dufie


Tafo, Kumasi
1 Machi

Mwanangu Dufie,

Hujambo na masomo? Wadogo zako hawajambo. Wameng'ang'ania nitengeneze barafu ya maziwa, na nimekataa.

Baba yako hakuja safari iliyopita, na hii ya sasa pia hajaja. Lori lilifika likiwa na dereva mwingine. Nilimwuliza, akaangalia matairi. Nikamwuliza tena, akasema, "Mama, mimi nimeambiwa nilete nyanya tu."

Kumbe video ya yule Wofa imefika hadi mpakani. Imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi ni mjane. Madereva wameitazama wote. Wanamwuliza baba yako, "Amankwaa, unaendesha wewe au mzimu wako?"

Jumatano walikuja dada yake, shangazi yako Foriwaa, na mkuu wa ukoo wao, Mzee Boadi. Hawakukaa. Foriwaa akasema, "Akyaa, kaka yangu alikufa lini, hata sisi tuliozaliwa naye tumbo moja tukaambiwa na simu?" Nikamwambia, "Hajafa, mwezi uliopita tu aliniletea nyanya." Akasema, "Basi kama hajafa, ulimuua wa nini? Wa friza?"

Mimi Kiingereza sijui. Sikujua kilichoandikwa. Wewe usijali, soma.

Mama yako

Dufie, hapa ni mimi Birago ninayemwandikia mama yako. Amekwenda kupokea mteja, na haya hajaniambia niyaandike. Meza yangu iko hatua mbili kutoka yake, niliona yote. Kabla hawajawasha kamera, kijana mmoja mwenye hereni alimwinamia akamwambia, "Mama, ukiulizwa, mambo ya mume usiyataje. Mwenye mume hatoki na friza." Mama yako akanitazama mimi. Nami nikatazama cherehani yangu. Basi akanyamaza. Hakusema uongo, alinyamaza tu, ila sasa halali. Usimwambie kwamba nimekuambia. B.


Shule ya Wasichana ya Bepoase
6 Machi

Kwa Wofa Domfeh,

Bi. Tetteh, mlezi wa bweni letu, amenionyesha video kwenye simu yake. Niliitazama mara mbili, mara ya pili bila sauti. Mwanzoni kabisa kuna maneno makubwa meupe: "Mjane wa Tafo alilia nilipompa hiki." Baadaye kuna muziki wa piano, na sauti yako inasema kwamba kifo kilimwacha na watoto watatu na moshi.

Baba yangu hajafa. Ameacha kuja nyumbani kwa sababu ya maneno yale. Ukoo wake umemjia mama yangu juu. Hapa bwenini wasichana wananiuliza, "Dufie, mlimzika lini bila kutuletea hata wali?" Wengine wanadhani mimi ndiye niliyedanganya ili nipate friza, na wananiheshimu kwa hilo, jambo ambalo ni baya zaidi.

Naomba mambo mawili. Uiondoe video hiyo. Na useme, mahali pale pale ulipoyasema yale, kwamba Kwabena Amankwaa ni mzima.

Dufie Amankwaa


Accra
19 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imeniumiza. Nimemwita kijana anayeandika maneno kwenye video. Aliona kitambaa cheusi, akadhani. Ni kosa la kazi, na limeshatokea.

Sasa nisikilize kama mtu mzima, maana unaandika kama mtu mzima. Video ile imetazamwa na watu milioni mbili. Hakuna nyingine yangu iliyofika hapo. Kwa sababu yake wafadhili wamekubali kunipa friza kumi zaidi, kwa akina mama kumi kama mama yako. Majina yao ninayo, na wameshaambiwa. Nikiiondoa, au nikisimama kusema nilikosea, wafadhili wanaondoka, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake karibu na kosa. Akina mama kumi watarudi kwenye moshi. Baba yako ana kinywa. Anaweza kumwambia yeyote kwamba ni mzima, na kila anayemwona atamwamini.

Upande mmoja akina mama kumi, upande wa pili neno moja. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Nami sitakuacha mikono mitupu. Muhula ujao tutakuja shuleni kwako na sanduku la chakula kwa kila msichana wa bweni lako: shito ya pilipili, sukari, maziwa, biskuti. Wewe ndiye utakayeyagawa, mbele ya kamera. Hapo utaona kama kuna atakayekucheka.

Wofa


Shule ya Wasichana ya Bepoase
26 Machi

Kwa Wofa Domfeh,

Swali lako nimekaa nalo siku sita. Kwanza nilikasirika, halafu nikaona si haki kukasirikia swali, kwa sababu akina mama hao kumi nawafahamu. Simjui hata mmoja kwa jina, lakini nayajua macho yao.

Nimefika hapa. Hukuwauliza kama wanataka friza iliyopatikana kwa kumtangaza mume wa mwenzao kuwa amekufa. Labda wangesema ndiyo. Mimi nisingewalaumu. Lakini ungewauliza. Umenipa mimi mzigo wa kuwachagulia, ilhali hata mimi hukuniuliza ulipoandika juu ya baba yangu.

Unasema baba ana kinywa. Ni kweli. Anakutana na watu labda thelathini kwa siku.

Jambo la kitambaa cheusi silikubali. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hapa Kumasi nusu ya mji imevaa nyeusi na nyekundu, kwa sababu kila mtu ana mazishi ya mtu mahali fulani. Hata mtoto mdogo hawezi kumwona mwanamke mwenye nyeusi siku ya Jumamosi akasema huyu amefiwa na mume. Mzungu angeweza kukosea hivyo. Kijana wako si Mzungu. Na kabla ya Jumamosi hiyo ulikuwa na barua yangu, ambayo inasema baba yangu ni mzima na anafanya kazi gani. Uliisoma kwa sauti. Uliniambia mlicheka.

Masanduku ya chakula usilete. Wasichana wa bweni letu wana njaa kila siku ya Mungu na watanichukia wakijua nimeandika hivi, kwa hiyo sitawaambia.

Unaitwa Wofa. Kwetu wofa ndiye anayeitwa nyumba inapoharibika. Anakuja, anakaa, anasikiliza, na kama kosa ni la upande wake anaomba radhi yeye. Aliyemwita mtu aliye hai marehemu humpikia viazi vikuu vya kuponda na mayai, akampa kwa mkono wake mbele ya wazee, ili roho yake ijue bado ina makao. Unayajua haya kuliko mimi.

Dufie Amankwaa


Paga, mpakani
8 Aprili

Dufie,

Mimi si mwandishi wa barua, utanisamehe. Niko Paga tunasubiri karatasi za forodha.

Wenzangu wanapopakua chakula husema, "Mwekeeni marehemu kidogo." Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano nikaanza kula peke yangu. Mwanamke anayetuuzia uji hakutaka kupokea pesa mkononi mwangu, akaniambia niweke juu ya meza. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Mama yako nimeongea naye kwa simu mara moja. Nilimwuliza, "Ulisema nimekufa?" Akasema, "Sikusema." Nikamwuliza, "Ulisema ni mzima?" Hakujibu. Nikakata simu.

Mzee Boadi amenikataza kuingia nyumba ya Tafo mpaka neno lile liondolewe na aliyelisema. Mtu aliyetangazwa kufa hapiti mlangoni kama anayetoka kuoga. Hata angeniruhusu, sijui kama ningeingia. Miaka kumi na nane nimelala barabarani ili nyumba ile isimame, na siku ilipoulizwa kama ina mwenyewe, ikanyamaza.

Nasikia wewe ndiwe uliyeanza, kwa barua. Sikasirikii friza, mama yako anastahili friza, mimi ndiye niliyeshindwa kumnunulia. Nataka kujua jambo moja. Ulipomwandikia mtu huyo, mimi nilikuwemo?

Baba yako


Shule ya Wasichana ya Bepoase
14 Aprili

Kwa Wofa Domfeh,

Hii ni fupi. Naomba unirudishie barua yangu ya tarehe tisa Januari. Sina nakala. Baba yangu ameniuliza kama nilimtaja ndani yake, nami nimemjibu kwamba nilimtaja, nikaandika jina lake lote na kazi yake. Lakini hilo ni neno langu tu, na mtu aliyekwisha kuzikwa kwa neno hawezi kuridhika kwa neno.

Najua barua hiyo inaonyesha kwamba ulijua. Sitaipeleka gazetini wala kwa mtu mwingine yeyote. Naitaka isomwe na mtu mmoja.

Ukitaka kuituma wewe mwenyewe, yeye huegesha lori Paga, kwenye uwanja wa malori ya nyanya. Ukiuliza Amankwaa watakuonyesha. Ukiuliza marehemu watakuonyesha upesi zaidi.

Dufie Amankwaa


Accra
3 Mei

Dufie,

Utaona mwandiko si ule wa barua zilizotangulia. Zile nilikuwa nasema, mtu anapiga chapa. Hii naandika mwenyewe.

Neno "mjane" niliandika mimi. Hakuna kijana aliyeliandika. Mmoja wa watu wangu, mwenye hereni, alimwambia mama yako asimtaje mume, na mimi ndiye niliyemtuma. Nimezaliwa Mampong, Jumamosi naijua tangu mgongoni mwa mama yangu. Barua yako ilikuwa mezani, nimeipigia mstari pale uliposema baba ni mzima, na pembeni nikaandika, "Hii itatuharibia." Utaona mstari huo, maana nimeituma Paga kama ilivyo, kwa mkono wa dereva wa basi ninayemwamini. Sikufuta.

Mwaka wa kwanza nilikuwa natoa, halafu nikikumbuka napiga picha. Siku hizi naanza na picha, halafu natafuta wa kumpa. Sikuona siku ilipogeuka. Mwanamke mwenye mume anayefanya kazi, anayehitaji friza kwa sababu tu samaki huoza, hana anayemtazama. Nilijua hivyo kwa hesabu, si kwa kukisia.

Ijumaa nilikwenda Kumasi, nyumbani kwa Mzee Boadi. Sikuchukua kamera. Nilibeba viazi vikuu, mayai na chupa ya pombe ya schnapps, na nilimchukua mjomba wangu halisi, mtu wa Mampong, aniombee. Walituweka sebuleni kwa muda wa saa mbili. Mama yako alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Shangazi yako Foriwaa alikaa mbele yangu akinitazama viatu.

Mjomba wangu alipomaliza kusema, Mzee Boadi akaniuliza, "Kijana, neno hili ulilisema mbele ya watu wangapi?"

"Milioni mbili na kidogo, mzee."

"Na humu ndani tuko wangapi?"

Nikahesabu. "Tisa."

"Basi umekosea nyumba. Chukua mayai yako."

Mjomba wangu akaanza kusihi. Mzee akamwinulia kiganja. "Hatumfukuzi. Tunamwelekeza. Akaombe kule alikosemea, kisha arudi hapa kwa yai."

Tukainuka. Shangazi yako akanisindikiza hadi uani, akasema, "Na siku hiyo vaa shati lile lile la manjano ulilovaa kwenye video, wasije wakadhani ni mwingine."

Wafadhili nimewaambia ninachofikiria kufanya. Wamenijibu kwa sentensi moja. Watu saba wanakula kwa kazi hii ofisini kwangu, na wale akina mama kumi wameshatengeneza nafasi ya friza nyumbani kwao. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu wewe peke yako hujawahi kuniambia kwamba mimi ni mtu mwema, na kwa hiyo naweza kukuandikia.

Bado sijaamua.

Kwadwo Domfeh


Shule ya Wasichana ya Bepoase
8 Mei

Mpendwa Bw. Domfeh,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mahali penye utulivu.

Nilitaka kukuandikia kwamba wewe ni mtu mwema, ili iwe rahisi kwako, lakini nikaona nitakuwa nakufanyia vile ulivyotufanyia sisi. Ninachoweza kusema kwa ukweli ni hiki: friza inafanya kazi, macho ya mama yamepona, na hayo ulifanya wewe. Na baba yangu hayuko nyumbani, na hilo pia ulifanya wewe. La kwanza limekwisha kuwa. La pili bado linaweza kubadilika.

Mtihani wetu unaanza Jumatatu. Naomba uamue kabla sijamaliza, au baada, lakini uamue.

Dufie


Tafo, Kumasi
23 Mei

Dufie,

Mama yako ameniambia niandike hivi: "Baba yako amerudi, wadogo zako hawajambo, soma." Hayo ni yake, yameisha. Ametia dole gumba. Sasa yeye yuko ghalani na mimi nina shati la mtu la kushona ambalo linaweza kungoja.

Jumapili iliyopita yule mtu alisema. Sisi sokoni tulikusanyika kwenye simu ya mwuza bamia. Hakuweka muziki. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati la manjano, akasema, "Kwabena Amankwaa wa Tafo ni mzima. Ana mke, na mke wake si mjane. Nilijua, nikaandika uongo kwa sababu unalipa." Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyeagiza mama yako anyamaze. Mama yako aliposikia hapo alitoka kwenye kundi, akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Watu mtandaoni wamemtukana hadi nikamhurumia. Wengine wanasema hata huko kuungama ni ujanja wa kutafuta watazamaji. Video ile ya kwanza ameiondoa. Wafadhili wameondoka na friza zao kumi, na ofisi ya Kumasi imefungwa. Mlinzi sasa anauza vocha za simu.

Jumanne wakakutana tena kwa Mzee Boadi, kwa sababu baba yako ni Kwabena, mtu wa Jumanne, na roho yake husikia vizuri siku yake. Yule mtu akampa viazi na yai kwa mkono wake. Baba yako alikula, akamshukuru, na hakumtazama. Kisha akarudi kulala kwa Foriwaa, si Tafo. Mama yako alirudi peke yake. Sikumwuliza kitu. Nilimshonea kanga yake iliyochanika, bure.

Jumatano ndipo akaja mwanamke kutoka Bantama, mpana, mwenye sauti. Ni mmoja wa wale kumi. Akasimama mbele ya meza akasema, "Wewe ndiye uliyemfufua mume kwa friza yangu?"

Mama yako akasema, "Kaa chini, dada."

"Sikai."

Mama yako akafungua friza, akasukuma samaki wake wote upande mmoja. "Huu upande ni wako. Lete kreti yako."

"Mimi sijaja kuomba sadaka."

"Nani kasema sadaka? Utachangia umeme."

"Nusu?"

"Nusu."

"Wewe una kreti tatu, mimi nina moja, nusu ya wapi?"

Waligombania umeme huo mpaka adhuhuri. Jana asubuhi alikuja tena wakagombana, na leo asubuhi vile vile. Nimeanza kuzoea.

Jana, Alhamisi, saa tano, lori la nyanya likaingia sokoni, na aliyeshuka ni baba yako. Hakuja moja kwa moja. Alianzia lango la juu, meza kwa meza, akiwasalimu watu kwa majina yao. Mwuza bamia alimshika mkono akambonyeza kidole kimoja kimoja. Mama yako alimwona tangu mbali. Aliendelea kuparua magamba. Kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni, na baba yako akaenda kusimama nyuma yao. Mmoja akamgeukia, "Mzee, si upite, hapa ni kwako." Akasema, "Nimekuja kununua."

Zamu yake ikafika. Mama yako hakuinua uso. "Unataka wangapi?"

"Sijui. Huko nyumbani mnakula wangapi?"

"Watoto wawili. Mmoja yuko shuleni."

"Na mume?"

Hapo nilisimamisha cherehani. Yule wa Bantama naye akanyamaza, jambo ambalo sijapata kuliona. Soko zima lilikuwa linapima bamia polepole. Mama yako akaweka kisu chini, akainua kichwa, akasema kwa sauti ambayo hata watu wa upande wa nyanya waliisikia: "Mume ninaye. Ni mzima. Anaendesha lori, na amechelewa kurudi kwa sababu mimi nilinyamaza siku niliyopaswa kusema."

Baba yako akatazama samaki. Akasema, "Basi mfungie na wa kwake."

Akamfungia.

Birago, kwa niaba ya mama yako